Nilimchagulia Rafiki Yangu App ya Ngoma Nikijua Itaua Mdundo Wake

Nianze na lililo baya zaidi, usije ukanihurumia mapema: nilijua. Sikupitiwa, wala sikudanganywa na mtu. Rafiki yangu aliniuliza aweke app gani ya ngoma kwenye tablet yake, nami nikamchagulia ile niliyojua itamharibia kazi. Kisa? Wivu! Wivu mtupu, wa kijinga, ambao hadi leo naona haya kuutaja.

Jina langu silitaji. Mimi ni kijana wa Nakuru, chuo nilimaliza, kazi ya maana bado. Watu wananijua kwa jambo moja, kwamba sikubali kitu kabla ya kukichunguza. Mhubiri akisema neno, namuuliza amelitoa wapi. Daktari namuuliza. Mama yangu amechoka nami. Mtu akitaka kununua simu ananitafuta kwanza, kwa sababu anajua nimeshasoma malalamiko yote ya walioinunua. Kwa hivyo nikisema kitu ni kizuri, watu huniamini bila kuuliza tena.

Huyo rafiki nitamwita Mburu, ingawa si jina lake. Tulisoma pamoja, tukapanga nyumba moja mtaani Free Area. Anatoka familia ya Akorino, wale wa vilemba vyeupe, na kanisa lao liko nje kidogo ya Rongai. Kanisani kwao hakuna gitaa wala kinanda. Ni ngoma, makofi na sauti za watu. Na hiyo ngoma haianguki pale unapoitarajia! Inachelewa kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo zito, halafu inashuka na mwili wako unaifuata wenyewe. Mburu ameipiga tangu utotoni. Mimi midundo yangu nimejifunzia kwenye tablet, kwa vidole viwili na video za watu nisiowajua.

Halafu kulikuwa na Chebet. Chebet ni mwimbaji, na nilimpenda, ingawa sikuwahi kumwambia. Alikuwa amepata nafasi ya kurekodi wimbo wake wa kwanza kwenye studio moja Nairobi, wakamwambia aje na ngoma zake tayari. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtengenezea midundo muda huo wote. Nilijiona nimefika.

Siku moja tulikaa watatu kwenye kibanda cha chai. Nikampa Chebet vipokea sauti asikilize kazi yangu mpya. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Iko sawa."

Iko sawa! Hilo ni neno la kumwambia mtu aliyekuletea glasi ya maji.

Mburu alikuwa akingoja chapati. Akaanza kugonga meza kwa vidole, bila hata kufikiria. Chebet akavitoa vipokea sauti masikioni. Akafumba macho. Akaanza kuimba wimbo wake kwa sauti ya chini, juu ya ile meza!

"Wee, hiyo umetoa wapi?" akamuuliza.

"Kanisani," Mburu akasema.

"Ebu rudia. Pole pole, nisikie vizuri."

Mama wa kibanda naye akapaza sauti kutoka jikoni, "Wewe wa kilemba, ukinivunjia meza utailipa. Lakini usiache!"

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuwashinda. Lakini Chebet hajawahi kufumba macho kwa kazi yangu hata mara moja.

Akasema kila mmoja wetu amletee ngoma za ule wimbo, achague moja. Angechagua ipi? Sote watatu tulijua.

Lakini Mburu hangeweza kuirekodi ngoma ya kanisa hivi hivi. Kwao si chombo cha kuchezea. Ilibidi aende kwa wazee, na babake ni mmoja wao. Wakaomba, kisha wakampa jibu. Aliporudi alinisimulia akiwa amejaa furaha.

"Mzee amesema nirekodi. Kama Mungu ameruhusu, ngoma italia huko kama inavyolia kanisani. Ikikataa, nijue nimejibiwa, niachane na hayo mambo kabisa."

"Na ngoma itakataaje?" nikamuuliza. "Ina mdomo?"

"Wewe bana! Siku ya hukumu utasimama kwa laini ukiuliza nani alipanga laini." Akacheka. Halafu akanipa tablet yake. "Sasa nisaidie. Wewe ndio unajua hizi vitu. Niweke app gani?"

Nilikuwa nimezijaribu nyingi. Kazi ya app hizo ni moja: unarekodi mlio wowote, unauweka kwenye kitufe kwenye kioo, kisha unaupiga kwa kidole kama ngoma. Kulikuwa na moja isiyopendeza macho hata kidogo, lakini inakuacha upige utakavyo. Ukichelewa, inabaki umechelewa. Nyingine ilikuwa na rangi za kupendeza na sifa kibao kutoka kwa wanaoanza kujifunza. Hiyo inanyoosha. Kila pigo linalochelewa, inalisukuma hadi kwenye mstari, kama mtu anayepiga shati pasi, na hakuna mahali pa kuizima. Niliwahi kuijaribu, nikaifuta siku iyo hiyo.

Mdundo wa Mburu wote ulikuwa kwenye mikunjo.

"Weka hii," nikasema. Nikamwekea kwa mkono wangu mwenyewe.

Alikwenda Rongai, akavua viatu kama wanavyofanya wanapoingia kanisani, akarekodi ile ngoma pigo moja moja: la katikati, la ukingoni, la kiganja. Akarudi akikimbia. Tukaketi kitandani, akapiga, kisha tukasikiliza alichopiga.

Mlio ulikuwa ule ule, mnene, wa ngozi na mbao. Lakini mdundo ulikuwa umekufa. Tak, tak, tak, kama saa ya ukutani. Akarudia. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mbona inakuwa hivi? Mimi nimepiga sawa."

Hapo ningeweza kujirudi. Ningesema, "Pole, nimekuwekea isiyofaa," na yangeisha kwa kicheko! Badala yake nilitikisa kichwa kama mtaalamu.

"Hivyo ndivyo ngoma yenu ilivyo," nikamwambia. "Kanisani makofi yanaficha. Mashine haifichi."

"Kwa hivyo ni mimi?"

"Si wewe. Si kila kitu kinafaa kurekodiwa, ndugu yangu."

Ndugu yangu! Niliweza kutamka neno hilo.

Alijaribu hadi betri ikaisha. Baadaye akampelekea Chebet hivyo hivyo, nami nikiwepo. Chebet akasikiliza, akamtazama Mburu. "Aki, hii si ile ya kwa meza. Ni nini imetokea?"

"Imekataa," Mburu akajibu.

Nilidhani anazungumzia tablet.

"Basi tutatumia yako," Chebet akaniambia. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilitembea mjini nikiwa kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Jumapili iliyofuata Mburu aliniomba nimsindikize kanisani. Nikakaa benchi la nyuma, miguu mitupu. Katikati ya ibada akasimama mbele ya watu. Akasema alikuwa amemwomba Mungu ishara na Mungu amemjibu. Ngoma imekataa. Akaomba msamaha kwa kujaribu kuitoa nje. Akasema anaacha muziki, na hata hiyo ngoma ya kanisa apewe mtu mwingine, kwa maana anaogopa kilichokataliwa ni mkono wake.

Watu wakaitikia amina. Babake akalia, sijui kwa uchungu au kwa shukrani. Mwingine akaichukua ngoma.

Na mimi, niliyebishana na Mburu kwa miaka kwamba hakuna kitu kama ishara kutoka mbinguni, nikabaki nimeganda pale nyuma. Ishara ilikuwa mimi! Niliitengeneza chumbani kwetu kwa kidole kimoja, na sasa kanisa zima lilikuwa linaitikia amina.

Ungedhani ningesema siku hiyo. Sikusema. Mburu akahama, akarudi kwao kusaidia shambani.

Chebet alikwenda Nairobi na ngoma zangu. Kule wakamwambia hazina uhai. Akanipigia simu: "Huwezi kunitengenezea kama ile ya Mburu? Ile ya kwa meza?" Nikaichukua ile app isiyonyoosha, niliyomnyima Mburu, nikajaribu kuchelewesha pigo hili, nikajaribu lile. Nilisikika kama mlevi anayepanda ngazi. Mwishowe wakamtafutia mpigaji mwingine huko huko. Siku hizi tukikutana mjini ni "Sasa?" na "Poa," kisha anaenda zake. Na mimi nilifanya yote kwa sababu yake!

Nilipochoka kujikwepa, nikaenda Rongai. Nilimkuta Mburu akianika mahindi kwenye turubai, babake ameketi kando akichambua yaliyooza. Nikasema yote, mbele ya mzee pia. Nilikuwa nimebeba tablet yangu, na ndani yake ile app isiyonyoosha na milio ya ngoma yao niliyokuwa nimeinakili kutoka tablet yake kabla hajahama. Nikamsihi apige mara moja tu.

Akafuta vumbi mkononi. Akapiga.

Ikaja! Ikachelewa, ikavuta pumzi, ikashuka, kama kanisani kabisa. Mzee akainua kichwa kutoka kwenye mahindi. Mburu akapiga kidogo tena, halafu akanirudishia tablet.

"Kwa hivyo haikuwa Mungu," akasema.

"Ilikuwa mimi."

"Na nilisimama mbele ya watu nikasema ni Mungu."

"Twende uwaambie ukweli. Nitasimama na wewe. Nitasema ni mimi."

"Niwaambie nini? Kwamba sasa Mungu amekubali, kwa sababu wewe umesema?" Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga! "Watafikiri ni tamaa yangu inaongea. Na labda watakuwa na haki. Shida si wao, lakini. Shida ni kwamba nikiomba tena kesho, nikipata jibu, nitajuaje si wewe?"

Nikamnyooshea tablet tena. Hakuipokea.

Akachukua reki akaendelea kugeuza mahindi. Mzee akasema tu, "Kijana, usiende bila chai." Nikaketi nikanywa chai ya watu niliowakosea hivyo.  Mburu hakuja kuketi. Mpaka leo hajashika ngoma, na simu zangu hapokei.

Ewe unayesoma haya, pengine kuna mtu anakuamini kwa jambo dogo tu. Anakuuliza anunue nini, aweke app gani, apitie njia ipi. Kama moyo wako unamwonea wivu, tafadhali, mwambie hujui! Mwambie aulize mwingine, hata kama wewe ndiye unayejua kuliko wote. Usifikiri utamwibia kitu kidogo tu kisha mambo yaishe hapo. Mimi nilitaka kumnyima mdundo mmoja wa wimbo mmoja, na nilichomwondolea ni mahali pake pa kumuuliza Mungu. Hapo sijui namna ya kupajenga upya, na sijaona wa kunifundisha.