Mumunye la Kwanza la Shangazi Zaina

Nilipokuwa mtoto, mkubwa wa kutosha kutumwa dukani lakini bado mdogo wa kutolewa chumbani wakubwa wakizungumza, tulikaa Nyamugari, mjini Gitega, Burundi, katika nyumba ambayo marehemu baba alituachia pamoja na cherehani yake. Tulikuwa wanawake watupu: mama yangu, bibi mzaa baba, mimi, na Shangazi Zaina, mdogo wake baba. Shangazi alikuwa ameolewa na utingo wa lori aitwaye Yusufu. Vita vilipoanza Yusufu alikuwa njiani kuelekea Bujumbura. Lori halikufika wala halikurudi, na hakuna aliyetuletea habari. Shangazi akarudi kwetu na begi moja na mimba changa.

Sikumbuki kumwona akilia. Ninachokumbuka ni jembe. Nyuma ya jiko tulikuwa na kiwanja kidogo chenye ua wa miti na mabati ya zamani, mlango wake ukifungwa kwa waya. Huko ndiko alikokaa mchana kutwa. Sokoni Giheta alikuwa ameona mamumunye ya aina ambayo hatukuizoea, ya duara kabisa, ya kijani yenye michirizi myeupe, ambayo huchumwa yakiwa yametoshea kiganja na kupikwa na ganda lake. Aliyekuwa akiyauza alimwongezea moja lililozeeka, gumu kama kibuyu, akamwambia hilo ni la mbegu. Shangazi alilipasua, akaziosha zile mbegu mpaka utelezi ukaisha, akazianika kwenye ungo, kivulini, maana jua kali huziua.

Mvua za kwanza ziliponyesha, alichimba mashimo, akachanganya udongo na samadi ya mbuzi wa jirani, akaweka mbegu mbili mbili, ncha ikielekea chini. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji kwa kopo. Zilipoota zote, alikata kwa ukucha ule mche dhaifu wa kila shimo, bila kuung'oa, ili asisumbue mizizi ya mwenzake. Nilimwonea huruma mche ule. Shangazi alisema yote miwili ikiachwa, yote itakufa njaa.

Bibi ndiye aliyekuja na habari ya tunda la kwanza. Alisimama mlangoni pa bustani akiwa na tasbihi mkononi, akaeleza jambo ambalo kwao, Makebuko, kila mwanamke alilijua. Mwenye kufukia mbegu ya mumunye ndiye lazima alionje tunda la kwanza. Mtu mwingine akitangulia kula, au tunda likioza shambani, yule aliyepanda hatapanda tena. Alikuwa na ushahidi wake. Dada yake mkubwa alipanda, watoto wa jirani wakachuma kwanza, na kabla ya mvua nyingine dada akafa kwa homa. Alieleza kwa upole, kama mtu anayekuonya kuhusu ngazi iliyovunjika.

Mama yangu hakupenda maneno hayo. Alikuwa binti wa mwalimu wa madrasa, na kwake mambo ya namna hiyo yalikuwa shirki. Lakini bibi alikuwa mkwewe, basi akainamia sufuria yake. Shangazi alicheka. Alisema kama adhabu yenyewe ni kula, yeye yuko tayari hata kesho.

Maua ya kwanza yalianguka yote. Shangazi alihangaika, akadhani mimea inaumwa, mpaka bibi akamwonyesha kwamba yale yalikuwa madume, yenye vikonyo vyembamba. Majike yangefuata, kila moja na kijitunda nyuma yake tangu siku ya kuchanua. Na kweli yakafuata. Kila asubuhi Shangazi aliniita tukatazame nyuki.

Kijitunda cha kwanza kilikuwa na ukubwa wa yai la kuku siku tulipokimbia. Milio ya bunduki ilikuwa imetoka milimani ikashuka hadi mitaa ya jirani, na asubuhi majirani wakaanza kufungasha. Mama alifunga cherehani ndani ya shuka, akagundua hawezi kuibeba, akaiacha. Tulipokuwa tukitoka, Shangazi alikimbia nyuma ya jiko. Nilimfuata. Alikuwa ameshaliinamia lile tunda, kidole kikiwa kwenye kikonyo, ua lililokauka bado limening'inia mbele yake. Bibi alimshika mkono.

"Usilivunje," alisema. "Hilo bado si tunda. Utarudi kulichuma."

Shangazi akaliacha. Akafunga mlango wa bustani kwa ile waya, akaizungusha mara nyingi kuliko kawaida, tukaondoka.

Tulikwenda Muyinga, kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa na nyumba ya vyumba vilivyopangana kuzunguka ua mmoja, si mbali na msikiti, akatupa kimoja, tukalala wanne kwenye mikeka miwili. Chumba cha pili yake kilipangwa na Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, mchuuzi wa vitenge, Mkristo aliyeimba nyimbo za kanisani akipiga pasi. Yeye na Shangazi walipatana upesi. Wote wawili walikuwa na waume ambao hawakujua wako wapi.

Maisha ya Muyinga yalikuwa ya kungoja. Kila mgeni aliyetoka upande wa Gitega alizungukwa na watu wakimwuliza habari za ndugu zao, na mara nyingi majibu yake yalikuwa kilio. Tumbo la Shangazi likaanza kuonekana, na pamoja nalo hofu. Kulikuwa na wiki ambayo hakumsikia mtoto akicheza. Akaanza kuota ndoto za bustani, kwamba mamumunye yamepasuka na ndani yake mna funza. Alimsimulia mama, na mama akamwambia kwamba uhai uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, hauko kwenye mboga. Alimsimulia bibi, na bibi hakusema kitu. Alivuta tasbihi tu. Nadhani ule ukimya ndio uliomtisha Shangazi kuliko ndoto.

Barabara ikatulia kidogo, magari yakaanza kwenda kwa msafara, askari wakiwa mbele na nyuma. Mama Furaha alitaka kwenda Gitega kuchukua vitenge alivyoviacha kwa mwenzake. Shangazi akasema watakwenda pamoja. Angelala Nyamugari siku moja, angechuma, angepika, angekula, basi.

Asubuhi ya safari mama yangu alisimama mlangoni akaziba njia. Sijawahi kumsikia akizungumza vile. Alimwambia kwamba barabara ile inaua watu, kwamba kaka yake asingemruhusu kama angekuwa hai, na kwamba wanawake wangapi wamepanda wakala wengine na bado wanaishi. "Wifi, nakuomba," alisema. "Mi sijawahi kukuomba kitu." Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka kwa bibi, aliyekuwa amekaa mkekani.

"Mama, unasemaje? Nisiende?"

Kama bibi angesema usiende, Shangazi asingekwenda. Hilo walilijua wote watatu, na hata mimi mtoto nililijua.

"Jifunge kanga vizuri," bibi alisema. "Asubuhi iko na baridi."

Mama akaondoka mlangoni.

Mama Furaha alirudi peke yake, siku ambayo tulikuwa tumeshaanza kuwasikiliza watu wa barabarani kwa masikio mengine. Alikuja kwa miguu kutoka kituoni, mkono wake umefungwa kitambaa, mguuni amevaa ndara za mwanamume. Alipiga magoti mbele ya bibi kabla hajasema neno, na mama akaanza kulia hapo hapo.

Alitueleza polepole, Kiswahili chake cha Uvira kikikatika. Kwenda kulikuwa salama. Walikuta nyumba yetu imevunjwa mlango wa mbele, mabati mengine yameng'olewa na cherehani haipo, lakini bustani ilikuwa imefurika majani hadi juu ya ua. Lile tunda la kwanza lilikuwa limekua likapita kiasi, kubwa kama kichwa cha mtu, ganda gumu hata wakaazima panga kwa jirani kulipasua. Walilichemsha na chumvi. Shangazi alikula kipande cha kwanza akiwa amesimama, akafumba macho, kisha akacheka na kumwambia Mama Furaha aweke mkono tumboni. Mtoto alikuwa anacheza. Akalala usingizi mzuri, Mama Furaha alisema, akakoroma kabisa.

Wakati wa kurudi, kamioneti yao, gari dogo la mizigo, ilibaki nyuma ya msafara kwa sababu ya tairi. Risasi zilitoka kwenye migomba. Mama Furaha alianguka mtaroni, na mtaro ukamwokoa. Shangazi alikuwa amekaa upande wa pili. Watu wa kilima kile waliwazika waliokufa pale pale, kando ya barabara, kwa haraka, na Mama Furaha ndiye aliyemfumba Shangazi macho na kumfunika kwa kanga yake.

Mama aliuliza kama aliteseka. Mama Furaha akasema hapana. Bibi aliuliza jambo lingine.

"Lile tunda. Lilikuwa la kwanza?"

Mama Furaha alidhani anampa faraja. "La kwanza, mama. Mlango wa bustani ulikuwa bado na ile waya yenu. Hakuna mtu alikuwa ameingia. Yeye ndiye alikula wa kwanza, mi niliona kwa macho yangu."

Bibi aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona mikono yake ikiacha tasbihi ishuke mkekani.

Toka hapo aliacha kula. Hakulia, hakugomba, aliukataa tu uji kila ulipoletwa. Aliacha kuamka kwa ajili ya alfajiri, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mashavu yakaingia ndani, na kinywa chake kikaanza kunuka njaa. Mjomba alimleta muuguzi, naye muuguzi akasema mwili hauna ugonjwa. Mama Furaha alikuwa ameshatoka Muyinga, amevuka kwenda Tanzania na wenzake.

Alasiri moja mama aliingia na bakuli, akakaa chini mbele ya bibi. Mimi nilikuwa nachambua maharage kwenye kona. Mama akasema kuna jambo hakuwa amemwambia. Kabla Mama Furaha hajaondoka alikuwa amemhoji tena faraghani, naye akakiri kwamba upande wa choo ua ulikuwa umebomoka. Askari walikuwa wamelala mle bustanini. Vikonyo vilivyokatwa vilikuwa vingi.

"Walichuma?" bibi aliuliza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamshwa.

"Walichuma, mama. Zamani, kabla Zaina hajafika. Lile alilokula halikuwa la kwanza."

Bibi alivuta pumzi, akaanza kulia, kilio kirefu cha mama aliyefiwa, ambacho tulikuwa tumekingoja tangu siku ile. Alipomaliza alikunywa nusu ya bakuli.

Hakukuwa na mahojiano yoyote ya faragha. Nilijua, kwa sababu siku zile sikuuacha upindo wa mama hata hatua moja. Sikuelewa kwa nini mwanamke aliyechukia maneno yale kuliko sisi sote aliyasimamia kwa uongo. Kwa miaka mingi nilimkasirikia bibi, na kidogo nilimkasirikia mama kwa kumpa njia ya kutokea.

Bibi aliishi hadi tuliporudi Gitega, akafa kitandani kwake akiamini kwamba binti yake alichelewa. Sasa nimempita Shangazi kwa umri na nina mabinti, na naona hesabu aliyokuwa nayo bibi pale mkekani. Kama onyo lake lilikuwa la kweli, basi alimtuma mtoto wake akajiokoe, na wezi wakawahi. Kama lilikuwa maneno matupu, basi alimtuma kufa kwa ajili ya tunda. Hakuna mama anayeweza kuubeba mzigo huo wa pili. Mama yangu aliuona siku ile ile, huku naye akiwa na haki kuliko mtu yeyote ya kumtwisha.

Nilimwuliza mara moja tu, nikiwa mtu mzima, kwa nini alisema vile. Alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja.

"Tulikuwa tumeshampoteza mmoja," alisema. "Sikutaka wa pili."