Kura ya Hapana ya Mgombea Aliyekuja Msibani

"Huyu mtu akishinda, kaka yangu atakuwa salama?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo Jumapili moja mchana, jikoni kwake katika mji wa Bowie, ughaibuni, huku akichambua mchele. Mchele wa duka la kule hauna hata jiwe moja, lakini yeye huumwaga kwenye sinia na kuuchambua kila mara. Nilipomwambia hakuna kitu humo, alinijibu kwamba mimi nachambua maneno ya watu kutwa nzima na hakuna anayenikataza.

Kaka yake ndiye mjomba wangu. Aliishi kwenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba ile, tangu viza yake ilipokwisha, na kila asubuhi aliendesha gari hadi Beltsville kusafisha ofisi. Hakuwa na makaratasi. Polisi wa kaunti wakimsimamisha kwa sababu ya taa ya nyuma iliyoungua, maisha yake yote yangetegemea kama wataishia kwenye taa au watawapigia simu watu wa uhamiaji. Sheria za kuamua hilo hutungwa na bunge la jimbo, na "huyu mtu" alikuwa anagombea kiti humo. Mama mdogo alikuwa amepata uraia mwaka ule. Ilikuwa kura yake ya kwanza katika nchi hii, na alikuwa ameshachomeka bango la mgombea huyo kwenye nyasi za mbele.

Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu. Mwaka uliotangulia, jirani yetu Mtanzania alipofiwa na mumewe, mgombea huyo, wakati ule akiwa diwani wa kaunti, alikuja msibani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa mkekani na wanaume, akala pilau kwa mkono, na hakuondoka mpaka dua ilipokwisha.

"Mtu aliyekaa msibani saa mbili nzima, soksi imetoboka na wala haoni haya, hawezi kumuuza kaka yangu," alisema.

"Soksi si sera, mama mdogo."

"Haya, kaitafute hiyo sera. Tulikusomesha ya nini?"

Nilikuwa nimemaliza shahada ya siasa miezi michache tu kabla, na hakuna mtu hatari kama aliyemaliza shahada ya siasa na bado hajapata kazi. Nilianzia kwenye tovuti ya mgombea. Ilisema anapenda familia zote na usalama wa wote, maneno ambayo hata mwizi angeyasaini. Nikahamia kwenye kumbukumbu za baraza la kaunti, ambazo ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti na subira: miswada, marekebisho, nani alipiga kura gani.

Siku ya tatu nikaupata. Ulikuwa muswada wa kuwakataza polisi wa kaunti kuwakabidhi watu kwa maofisa wa uhamiaji. Kura zilipangwa kwa majina, na mbele ya jina lake paliandikwa: hapana.

Niliwaita wote wawili sebuleni kama jaji anayesoma hukumu. Mama mdogo akakaa chini taratibu. "Una uhakika?" akauliza. Nikamwonyesha kwenye skrini. Akauliza tena, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa ndogo sana. Kisha akatoka na kandambili zake, akaling'oa bango na kulitupa gereji. Mimi, kusema kweli, nilijisikia vizuri. Niliamini nimemwokoa.

Mjomba ndiye pekee aliyecheka. "Bibie, umemaliza upelelezi kwa siku tatu? Hata polisi hupumzika wikendi."

"Rekodi haidanganyi, mjomba."

"Rekodi haijui hata kusema, itadanganya vipi? Umesikiliza walichokuwa wanabishania?"

Sikuwa nimesikiliza. Video ya kikao ilikuwepo, lakini ilikuwa ya saa tano. Siku yake ya mapumziko nikashuka besimenti na kompyuta, yeye akaleta bakuli la bisi, tukakaa kama watu walioenda sinema mbovu. Kila diwani aliposimama mjomba alimpa maksi kwa tai aliyovaa. Nilitaka kuruka mbele, akanikataza. "Hawa wananizungumzia mimi. Waache waseme."

Kwenye saa ya nne mambo yakageuka. Diwani mwingine alichomeka kifungu kipya: polisi wangeruhusiwa kumkabidhi yeyote aliyewahi kushtakiwa kwa lolote, hata kama kesi ilifutwa. Kifungu kikapita. Ndipo mtu wetu akasimama, akasema huu sasa si muswada alioahidi watu, na hawezi kuunga mkono uzio wenye lango wazi. Akapiga kura ya hapana.

Mjomba akasimamisha video. "Mama weee. Umemfanya dada yangu ang'oe bango la mtu bure."

Nilikuwa nimesoma kura bila kusoma kilichopigiwa kura. Lakini sikukubali kushindwa haraka hivyo. Nikamwambia huenda ni ujanja: wanaowachukia wahamiaji wangeiona ile hapana, na wahamiaji wangeisikia hotuba, kila mmoja akarudi kwake ameshiba.

"Wewe," mjomba alisema, "ukiletewa maji utadai cheti cha mto. Haya, yuko na sisi au hayuko?"

"Inategemea."

"Inategemea! Basi mwacheni huyo wa bangoni, tumchague huyu Inategemea."

Jioni nikamweleza mama mdogo kosa langu. Alifumba macho kidogo. "Kwa hiyo ni mtu mzuri."

"Sijasema hivyo. Nimesema ushahidi hautoshi."

"Mwanangu, nakuomba neno moja. Ndiyo au hapana."

"Bado sijui."

Akalirudisha bango mwenyewe. Mjomba akasimama dirishani akimtazama. "Hilo bango linasafiri kuliko mimi," alisema, "na wala halina pasipoti."

Kuanzia hapo mama mdogo aliniuliza kila siku, akitoka kazini bado na sare ya uuguzi, akiwa bafuni, mara moja kwa simu kutoka maegesho ya hospitali. Nami kila siku nilisoma kumbukumbu nyingine na kumpa jibu lilelile. Nilidhani nampa heshima kwa kutomdanganya. Siku ya uchaguzi nilijitolea kumpeleka kituoni. "Usihangaike," alisema, "nitapita nikitoka kazini."

Mgombea alishinda. Mjomba bado anaenda Beltsville, na mpaka leo gari lake halijasimamishwa.

Mwaka huu nimepata kazi inayotumia orodha ya wapigakura. Orodha hiyo haisemi mtu alimchagua nani. Inasema tu kama alipiga, kwa njia gani, na karatasi yake ilipokelewa lini. Nikiwa najizoeza kuitumia, niliandika jina la mama mdogo. Kura yake ya mwaka ule ilifika kwa posta, siku tatu kabla ya Jumapili ile aliyoniuliza jikoni.