Ufuta Ambao Sikuutuma

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninapoona ufuta umeanikwa, na nikiikumbuka nainamisha uso hata nikiwa peke yangu. Ningekuwa kijana siku ile, ningesema ni utoto. Lakini nilikuwa mtu mzima, mtu wa kanzu na kofia, ninayeitwa kusuluhisha ugomvi wa watu pale Mbekenyera. Ndiyo maana nakusimulia wewe mapema.

Binti yangu Zuhura alikuwa anasomea uuguzi Nachingwea. Ikafika likizo ndefu, chuo kikafunga mabweni, wanafunzi wengi wakarudi makwao. Yeye na wenzake wachache walitakiwa kubaki wafanye mazoezi hospitalini, na asiyemaliza mazoezi hayo haendelei na mwaka unaofuata. Basi wazazi tukapigiwa simu tukatafute vyumba. Nilipanda bodaboda mpaka Ruangwa, nikachukua Hiace mpaka Nachingwea, nikakuta wazazi wengine nao wanazunguka mitaani nyuma ya madalali.

Nisikufiche, nilijisikia mkubwa. Chumba atalala mtoto, lakini mteja ni mzazi, na mteja hubembelezwa. Nikagonga kuta, nikachungulia vyoo, nikauliza maji yanatoka siku gani. Kimoja nikakikataa kwa sababu ya dirisha, kingine kwa sababu ya baa ya jirani. Zuhura alinifuata nyuma, ameshika begi lake.

Chumba cha mwisho kilikuwa kizuri. Ua umefagiwa, mlango una komeo la ndani, na hospitali iko karibu, mtu anakwenda kwa miguu hata akiwa na zamu ya alfajiri. Zuhura akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha mwenye nyumba akatoka jikoni kutusalimia, na kwa lafudhi yake tu nikajua ni Msukuma, katika wale wafugaji waliohamia kwetu na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Aliitwa Mama Kulwa.

Sasa ujue kwamba msimu ule ng'ombe walikuwa wameingia shambani kwangu wakamaliza kipande kizima cha ufuta, na mwenye ng'ombe hakujulikana mpaka leo. Hasira bado nilikuwa nayo. Mama yule alikuwa ameshatuwekea viti, anasema atuletee maziwa tupoze koo, nami nikamwambia mbele ya binti yangu na dalali: "Ng'ombe wenu wamekula ufuta wangu. Sasa na binti yangu mnamtaka?"

Mama Kulwa alimtazama Zuhura, akasema, "Karibu siku nyingine, mwanangu," akarudi jikoni. Mimi nikatoka pale kifua mbele, najiona nimesema jambo la maana.

Nikampeleka Zuhura kwa Salumu, binamu yangu mwenye duka mjini hapo hapo. Ndugu wa damu, chumba cha bure, nilitaka nini tena? Kwetu mtoto haachwi kwenye nyumba ya mtu hivi hivi, anakabidhiwa. Nikakaa mkekani nikayasema maneno yote: huyu ni wenu, akikosea mkanyeni, akiumwa mniite. Nikarudi Mbekenyera roho imetulia.

Kila nilipopiga simu, Zuhura alisema hajambo. Kazi za mavuno zilipopungua, nikafunga kiroba cha ufuta ule uliosalimika, nikampelekea Salumu kama shukrani. Alinipokea vizuri. Nikashusha kiroba, nikauliza binti yuko wapi.

"Zuhura? Si alishahamia kwa yule mama Msukuma? Mimi nilijua umemhamisha wewe," akasema. Akaendelea kunung'unika kwamba watoto wa siku hizi ukiwaambia washike duka asubuhi, wanakwambia wanachelewa wodini. Mtu mwenye akili zake angeelewa hapo hapo kwa nini mtoto alihama. Mimi hasira ilinitangulia. Nikatoka kwenda kumtoa binti yangu kwenye ile nyumba, hata ikibidi kwa kumburura.

Mama Kulwa alikuwa uani anachambua mchicha. Aliponiona akainuka, akafuta mikono, akanivutia kiti.

"Karibu, Baba Zuhura. Tunashukuru kwa ufuta uliotutumia. Na salamu zako za kuomba radhi zilifika, mtoto alizisema vizuri sana."

Mwanangu, mimi sikutuma ufuta. Salamu pia sikutuma. Zuhura alikuwa ametokea mlangoni na sare yake nyeupe, akasikia, akaangalia chini. Ndipo nikaelewa. Mtoto alikuja peke yake kwenye nyumba niliyoitukana, na ili apate uso wa kuingilia, alinunua ufuta kwa pesa yake ya kula akasema umetoka kwa baba. Nikakaa kwenye kile kiti alichonivutia. Kwa kitambo kidogo nilifikiria kuipokea ile shukrani na kunyamaza, kwa kuwa hakuna ambaye angenisuta. Hilo nalo linanitia aibu mpaka leo, kwamba nililifikiria.

"Mama Kulwa," nikasema, "mimi sijatuma kitu."

"Najua," akasema, akarudi kwenye mchicha wake. "Ule ufuta ulikuwa wa kupimiwa dukani, msafi, kwenye kimfuko. Nani kaona mkulima anatuma ufuta wa kimfuko? Nikasema acha, iko siku baba mwenyewe atakuja na wa shambani."

Na wa shambani nilikuwa nimeushusha kwa Salumu. Pale nilikuja mikono mitupu, na nia ya kumburura mtu. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Akaniletea maziwa, nikayanywa kwa shida, na baada ya kikombe akasema, "Mtoto alijikabidhi mwenyewe. Haipendezi. Mkabidhi."

Basi nikamkabidhi, pale uani, bila mkeka wala zawadi. Maneno yale yale niliyoyamwaga kwa Salumu kwa sauti kubwa, safari hii yalitoka moja moja, na mengine Zuhura alinisaidia kuyamalizia.

Jioni alinisindikiza stendi. Njiani nikamuuliza kwa nini alidanganya. Akasema, "Sikutaka wakujue hivyo, baba."

Angenilaumu, ningejitetea, maana kujitetea najua. Kwa neno lile, kwenye gari niligeukia dirishani mpaka tunafika Ruangwa, abiria wasinione.

Baadaye nilimpelekea Mama Kulwa kiroba chake. Alikipokea, akakipima kwa mkono, akacheka, akasema huu sasa ndio wenyewe. Zuhura alimaliza mazoezi akiwa kwake, na mpaka leo akipita Nachingwea analala pale. Lakini yale niliyosema uani mbele ya binti yangu hayakurudi mdomoni.

Kwa hiyo, mwanangu, nawe utakapotafuta chumba cha mwanao, kagua. Gonga kuta, vuta komeo, uliza maji. Ni haki yako, wewe ndiye unayelipa. Ila ukishamaliza kuta, mtazame mtu atakayemsikia mwanao akikohoa usiku, umpime kwa anavyokupokea, si kwa lafudhi yake wala kwa ng'ombe asiowachunga yeye. Hasira ya shambani iache shambani. Na ukimkosea mtu, nenda mwenyewe, nenda mapema, usingoje mtoto akuombee radhi kwa pesa yake ya kula.

Mungu awape watoto wako mahali pema pa kulala popote watakapokwenda, akushike ulimi siku utakayokuwa na hasira, na akujalie wanao wasilazimike hata siku moja kukusingizia wema. Amina.