Tepu ya Mkono wa Kulia

Harufu ya sabuni ya mche ikichanganyika na ya mpira uliopata moto, mimi nimekwisha. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi matairi mmoja hapa Dodoma mjini, nasubiri pancha yangu izibwe, huku nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Fundi akapita na kopo la povu na brashi, akaanza kupaka viungio vya mtungi wa kompresa. Nikaweka kalamu chini. Nilikuwa na miaka tisa tena, niko Mlali, na Baba yuko hai.

Baba alitoka Kondoa akiwa kijana, akafungua gereji ya matairi kando ya barabara wanayopita malori ya mahindi na alizeti. Mali yake kubwa ilikuwa mtungi wa upepo, mrefu kunizidi, uliopakwa rangi ya bluu juu ya rangi ya bluu hata ukaota magamba. Ubavuni ulikuwa na viungio vya shaba vya kufungia geji na mipira, na kila baada ya muda kimoja kilivuja. Kukiziba ilikuwa kazi yangu. Msinifikirie mtoto wa kutumwa soda. Mwenye tepu nilikuwa mimi, na madereva walijua hivyo.

Kwanza unasugua tredi, ile mikato inayozunguka kiungio, kwa brashi ya waya mpaka shaba ing'ae. Mkato wa mwanzo unauacha wazi, kipande cha tepu kisije kikaingia ndani. Kisha unazungusha tepu nyeupe, nyembamba kama utando wa maziwa, huku ukiivuta ilale vizuri kwenye mikato. Lazima uzungushe upande uleule ambao kiungio kitazunguka wakati wa kufungwa. Ukikosea, kinapoingia kinaivua tepu na kuikunja. Mimi ni mashoto, na Baba, badala ya kunibadilisha mimi, alibadilisha maelekezo. "Mimi nazungusha kwenda mbele," aliniambia. "Wewe, mama, zungusha kuja kwako." Kwa kanuni hiyo sikuwahi kuvujisha.

Naye alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka wateja wakamtania nayo: mtungi haukazwi ukiwa na upepo. Ukivuja, unamwaga upepo wote, mshale wa geji unalala kwenye sifuri, ndipo unashika spana.

Mwaka ule Bibi, mama yake Baba, alikuja kututembelea kutoka Kondoa. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa mkono wa kushoto. Nyumbani nilikula kwa wa kulia na kupokea kwa wa kulia, hilo halikuwa na mjadala. Siku moja alikuja gereji, akaketi juu ya tairi bovu, akaniona natia tepu kwa mkono wa kushoto mbele ya wanaume wazima. Aliona haya kwa ajili yangu.

"Zena, mjukuu wangu, huo ni mkono wa chooni. Badilisha."

Baba alikuwa chini ya lori, hakusikia. Nikabadilisha mkono. Mwelekeo sikuubadilisha, nikaendelea kuzungusha kuja kwangu, kama nilivyofundishwa kwa mkono wa kushoto. Bibi akaridhika, nami nikajisifu moyoni kuona mkono wa kulia ulivyo mtiifu.

Baba akakifunga kile kiungio, akawasha kompresa, mtungi ukajaa. "Lete povu, mama." Nikapaka. Mapovu yakaumuka pale pale, na sauti nyembamba ya kuvuja ikasikika. Dereva wa lori la alizeti alikuwa ameshapanda, anapiga honi, anataka kuwahi soko la Kibaigwa. Baba akatazama geji, akamtazama dereva. Akachukua spana.

Alizungusha kidogo tu. Sikuona kitu kikiruka. Nilisikia mshindo, vumbi likatufunika, na lilipotulia Baba alikuwa ameketi chini, kiganja juu ya jicho la kulia, damu ikipita kati ya vidole. Kiungio kiliokotwa ng'ambo ya barabara.

Jicho halikupona. Hospitalini Bibi alimuuliza kimetokea nini, nami nimesimama mlangoni nasubiri kusikia jina langu.

"Nilikaza mtungi una upepo," Baba akasema. "Kosa ni langu."

Nilijua anadanganya kwa ajili yangu. Ile tepu iliyokunjamana niliiona mwenyewe imebaki kwenye tundu la mtungi. Nilimpenda kwa uongo ule, na kwa sababu hiyo nikashindwa kumtazama usoni. Alipofungua tena gereji nilimwambia nina masomo ya ziada jioni. Wiki iliyofuata nikasema hivyo hivyo. "Soma, mama," akanijibu, akaanza kuzungusha tepu mwenyewe. Hatukulizungumza tena jambo hilo, wala nilipohitimu ualimu, wala alipougua.

Yote haya nilimsimulia yule fundi wa Dodoma kwa kifupi, maana anayesubiri tairi huongea lolote. Alisikiliza huku akiendelea kupaka povu lake.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Tepu ikikaa vibaya inavuja tu, hata wiki nzima italia hivyo hivyo. Kinachorusha kiungio ni tredi iliyolika, halafu mtu anaikaza na upepo umo ndani. Mzee alisema kweli."

Nilimpigia Mama simu nikiwa bado pale kwenye benchi. Nikamuuliza kama Baba aliwahi kusema ni kwa nini niliacha kwenda gereji.

"Alisema mara nyingi," Mama akajibu. "Alisema ulimwona akivunja sheria yake mwenyewe, ukaacha kumwamini. Akasema una haki. Nilitaka kukuuliza, akanikataza. Alisema utarudi mwenyewe siku ukimsamehe."

Baba ana miaka sita kaburini. Nilikaa na yale madaftari mapajani mpaka fundi aliponiambia mara ya pili kwamba tairi liko tayari. Miaka yote ile nilikuwa nangoja Baba anikaripie, naye alikuwa anangoja nimsamehe.