Vizibo vya Baba

Mimi nikiogopa hugomba. Ndivyo nilivyoumbwa, mama anasema nilizaliwa nikimfokea mkunga. Kwa hiyo baba alipopata kiharusi, mtaa mzima kwetu Newala ulidhani nina hasira na kila mtu. Hasira wapi! Nilikuwa naogopa tu.

Alianguka shambani Chilangala tukiwa katikati ya kuokota korosho. Hospitalini Masasi, mji ninakofundisha, walishusha presha wakaokoa uhai wake, lakini alirudi nyumbani hana neno hata moja. Mkono wa kulia umelala, mdomo umekwenda upande, macho yako ukutani. Muuguzi alituambia tuzidi kuongea naye, huenda anaelewa, huenda haelewi. Hiyo "huenda" ndiyo iliyoninyima usingizi.

Wageni wakija kutoa pole walimzungumzia mbele yake kama vile hayupo. Mama naye akaanza.

"Alikuwa anapenda sana chai ya tangawizi," alimwambia jirani siku moja.

Alikuwa! Nikaruka. "Mama, mtu si huyu hapa amekaa?"

Alingoja jirani aondoke, kisha akaniuliza taratibu, "Una hakika, mwanangu?"

Sikuwa nayo. Nikaenda kusugua masufuria yaliyokwisha kusuguliwa.

Kabla ya kustaafu baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na ugonjwa wake mkubwa, kabla ya huu, ulikuwa mchezo wa kupanga herufi. Seti ya dukani ilikuwa ghali, akajitengenezea: kipande cha plaiwudi alichokichora miraba, na vizibo vya soda alivyoviandika herufi kwa rangi ya kucha ya mama. Ugomvi wao wa rangi hiyo nisiuanze hapa. Alinifundisha maneno mafupi ya Kiingereza ambayo sijawahi kumsikia mtu akiyasema, ila mchezoni ni dhahabu. Ai, mnyama mvivu wa misitu ya mbali. Zo, ng'ombe chotara wa milima ya baridi. Ng'ombe huyo hajawahi kukanyaga Newala lakini ametushindia mechi nyingi. Qat, ambayo ni mirungi. Baba akiiweka hiyo mama huguna, "Mwalimu mzima!"

Sheria moja aliitunga mwenyewe. Ukilitilia shaka neno la mwenzako, unagonga ubao kwa kidole na kusema hodi. Mwenzako akiwa na hakika anaitikia karibu, na kamusi inafunguliwa. Kama amebuni tu, anasema "wenyewe hawapo," anaondoa vizibo vyake. Baba hakuwa na huruma katika hilo. Nilipokuwa darasa la nne alinigongea mpaka nikalia. "Mama," akaniambia, maana nimerithi jina la mama yake, "kumwachia mtu neno la uongo ni kumdharau."

Sasa mfuko wa vizibo ulikuwa chini ya kitanda chake, na mimi niliukwepa kama nyoka. Ningepanga ubao, naye asitazame, ningekuwa nimepata jibu langu. Heri kutojua.

Asubuhi moja ya ukungu mama alikuwa akichambua kisamvu. Bila kuinua kichwa akasema, "Kamletee vizibo vyake."

"Vya nini? Avile?"

"Ukiogopa wewe, nitavileta mimi."

Yule mwanamke ananijua. Nikauvuta mfuko kwa kishindo. Nikamkalisha baba vizuri kwenye kiti, nikaweka ubao kwenye meza ndogo mbele yake na kuuegesha mkono wake wa kushoto juu yake. Mama akabeba kisamvu chake akaenda jikoni uani. Nadhani naye hakutaka kuona.

Nilicheza upande wangu, nikacheza na upande wake. Niliweka ai. Macho ukutani. Niliweka qat nikamchokoza, "Mwalimu mzima!" Kimya. Nikaweka zo, ng'ombe wake kipenzi, nikamsogezea uso karibu kabisa. "Baba, shikamoo." Hakuna. Pumzi tu, na mate pembeni ya mdomo. Nikamfuta. Basi, nikajiambia, ndiyo hivyo, ameshaondoka na sisi tunakiogesha kivuli.

Hofu ikageuka matusi, kama kawaida yangu. Nikachota vizibo bila kuchagua nikavibandika kwenye ubao: vonk. Kitu ambacho hakipo duniani. "Haya, na hilo je? Nimeshinda! Umefurahi?" Nikasimama, nikampa mgongo, nikatafuta mfuko nivikusanye.

Ko, ko.

"Karibu!" mama akaitikia kutoka jikoni.

Nikatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu, ukungu tu. Nikageuka. Kidole cha baba cha mkono wa kushoto kilikuwa kimesogea hadi kando ya neno langu, kinatetemeka. Macho yake hayakuwa ukutani tena. Yalikuwa usoni kwangu, makali, yale yale ya darasani. Akagonga tena.

"Karibu, pita ndani!" mama akapaza sauti. "Nani huyo?"

Nikapiga magoti mezani nikaanza kuviondoa vizibo kimoja kimoja, machozi yananidondokea mikononi.

"Wenyewe hawapo, Baba," nikasema.