Filamu niliyowasifia ilimfungua mama yangu mdomo

Admin, jina langu usiliweke, mji wetu wa Baraka si mkubwa na mama bado ana watu wa kuishi nao. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwalimu wa shule ya msingi, nina mume na watoto watatu.

Ni mimi niliyewasifia hapa filamu ya vita vya zamani, ile ya mwanamume aliyefichwa na mke wake nyuma ya ukuta miaka mingi. Niliandika: "Itafuteni, muangalie na wazazi wenu." Mpaka leo mnaniuliza jina lake nami nimenyamaza. Sababu ni hii.

Jumapili moja, baada ya ibada, nilimwekea mama kwenye telefone, nikawa ninamtafsiria Kifaransa cha filamu. Alicheka hata, pale mke anapowadanganya majirani kwamba yeye ni mjane. Ikafika mahali mtoto wa jirani anasikia mtu anakohoa ukutani. Mama akafunika telefone kwa mkono.

"Zima."

"Mama, iko nini?"

"Mi pia nilifichaka muntu."

Vita ilipoingia nilikuwa na miaka sita, baba amekimbilia Tanzania. Mama alikuwa anashona nguo na jirani yetu, msichana wa familia ya wafugaji wa milimani. Watu wa kabila lake wakaanza kutafutwa nyumba kwa nyumba. Mama akampandisha darini, juu ya jiko, penye mahindi na moshi. Alikaa huko miezi minne, akikohoa ndani ya kitenge, mpaka siri ikatoka.

"Nani alimuonyesha?" niliuliza.

Mama akaigeuza telefone kifudifudi. Nikauliza tena.

"Ni weye. Uliambiaka batoto benzako kule mutoni kama dari yetu inakohoaka. Jirani mumoja akakuja kunionya, na dada yule akasikia yote. Akashuka mwenyewe. Akasema, 'Bakinikuta hapa, batakuua na mutoto wako.'"

Alitoka alfajiri, hakufika mbali. Asubuhi ile mama alimkuta amelala barabarani, amekufa. Alinishika mkono akapita kama hamjui.

Nililia mpaka nikakosa sauti. Mama akasema, "Ulikuwa mutoto. Ndiyo maana sikukuambiaka."

Sasa sikieni kinachoniua. Mama aliponitajia jina la yule dada, nikajua kwamba kaka yake yuko hapa hapa mjini, na mtoto wake ninamfundisha. Ni mtu mpole. Siku moja aliniambia dada yake alipotea wakati wa vita, na kila akikutana na watu waliotoka kambi za wakimbizi anawauliza kama wamemwona. Anaamini yuko hai. Nilimwambia, "Mungu ni mkubwa, papa," bila kujua ninamwambia nani.

Mama ananisihi: "Wacha, mwanangu. Siku hizi batu banatafuta tu sababu; bakisikia nilifichaka muntu wa kabila ile, batanigeukia." Tangu ile Jumapili hali chakula vizuri, anakaa chumbani, pazia limeshushwa.

Filamu ni nzuri, sikatai. Lakini kama mzazi wako alipita vita, muulize kwanza.

Ijumaa yule baba anakuja kuchukua bulletin, ripoti ya masomo ya mtoto. Nikimwambia, ninamweka mama hatarini. Nikinyamaza, ataendelea kumtafuta mtu ambaye mama alimwona amekufa. Nishaurini, ndugu zangu, nimwambie nini? Matusi muniachie, hayo nimekwisha kujitukana mwenyewe.