Nusu ya Chini ya Anga

Kazini alisema maneno yale yale tangu asubuhi hadi jioni: "Vuta pumzi. Shikilia. Usitikisike. Haya, pumua." Alikuwa fundi wa eksirei katika hospitali kubwa, kwenye chumba kisicho na dirisha mwisho wa korido. Walimjia wenye mbavu zilizovunjika, wenye vifua vibovu, watoto waliomeza vifungo. Aliwaona mpaka ndani ya mifupa, kisha wakavaa mashati yao na kwenda zao, asijue waliishia wapi.

Watu walimwita Shangazi. Jina alipewa na watoto wa kaka yake, jengo zima likalidaka, halafu hospitali nayo ikafuata. Baadaye kaka akapata kazi ng'ambo, akahama na mke na watoto. Waliokuwa na haki ya kumwita hivyo wakaondoka, wakabaki wapita njia tu kumwita hivyo.

Aliishi ghorofa ya juu kabisa, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Juu ya dari yake kulikuwa na paa la saruji ambapo majirani walianika nguo. Hapo ndipo aliposimamisha darubini, aliyoinunua kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akihamia kwa mwanawe. Hakukusudia makubwa. Alitaka kuuona mwezi tu. Lakini mwonja asali haonji mara moja. Baada ya mwezi zikaja nyota, na baada ya nyota akafunga kamera nyuma ya darubini, basi tena, akawa hana jioni ya mtu mwingine.

Darubini ina tabia moja: inaona mbali lakini inaona padogo, kama mtu achunguliaye uani kupitia tundu la ufunguo. Anayetaka picha ya uwanja mzima wa anga hana budi kuupiga kipande kwa kipande. Kila kipande kinahitaji mlango wa kamera ubaki wazi muda mrefu, huku mota ndogo ikiigeuza darubini polepole kuzifuata nyota. Kisha picha hiyo hiyo inarudiwa tena na tena, zote zinalaliana kwenye kompyuta, mpaka chenga za picha zinapungua na mwanga hafifu unajitokeza. Ndipo unasogea kidogo, ukihakikisha kipande kipya kimelalia ukingo wa cha jana, unaanza upya. Wingu likipita, umekula hasara. Mwezi ukiwa mpana, unakaa ndani.

Shangazi aliutaka ule mkanda mweupe wa nyota, Njia ya Maziwa, pale unaponenepa katikati. Shida ilikuwa kwamba upande wa kusini wa jengo lao palikuwa na ghorofa refu zaidi, lenye bango la matangazo linalowaka usiku kucha. Nusu ya juu ya mkanda aliiona. Nusu ya chini ilikuwa inazama kwenye tangazo la sabuni.

Aliwaambia hivyo wapenzi wa anga katika kundi lao la simu, kwa mzaha. Akajibiwa na mtu mmoja wa mji mdogo, safari ya siku nzima kutoka kwake. Huyo alikuwa na duka la mikate, na kundini alijiita Mwokaji. "Dada, mimi kusini kwangu ni mashamba matupu. Piga juu, nipige chini, tutakutana katikati."

Wakaanza. Kila mwaka msimu wa anga safi ulipofika, mmoja alipiga huku, mwingine kule, wakatumiana vipande. Mwokaji alikuwa akipanda paani kabla ya kuwasha tanuri, na salamu zake zilimfikia Shangazi akiwa anajifunika kulala. "Leo nyota zimeiva kuliko mikate yangu." Naye alikuwa akijibu, "Usije ukaziunguza." Hawakupigiana simu hata mara moja. Shangazi hakuuliza kama ana mke, na Mwokaji hakusema. Lakini jioni aliporudi kutoka kazini, alipopanda ngazi zile zote, alijua kuna mtu mahali fulani anayetazama mawingu kwa wasiwasi ule ule alionao yeye.

Halafu msimu mmoja Mwokaji akaandika, "Wiki ijayo nakutumia safu ya mwisho." Wiki ikaja, ikapita. Shangazi akaandika, kimya. Akaandika tena. Aliona ujumbe umesomwa, jibu hakuna. Kundini hakuna aliyejua habari zake. Msimu ukaisha, mvua zikaja, zikakatika. Akili ya mtu aliye peke yake haikosi la kujitungia: mara alimwona yu kitandani na mguu umening'inizwa, mara alimwona amezikwa. Msimu mwingine ulipoanza, akaomba likizo, akapanda basi.

Duka alilijua kwa picha aliyowahi kutumiwa, mlango wa buluu na benchi mbele. Alimkuta mwanamume mnene kuliko alivyomdhania, akipanga mikate kwenye rafu.

"Karibu mama. Mrefu au wa duara?"

"Mimi ni Shangazi."

Mikono yenye unga ikabaki hewani. "Shangazi wa nyota? Jamani! Mbona hukusema unakuja?"

"Ningesema wapi, ndugu yangu? Hujibu."

"Dada, nisamehe bure. Kila siku nasema kesho nitamjibu, kesho inazaa kesho nyingine, mwishowe nikaona aibu." Akageukia mlango wa ndani. "Mama Pacha! Njoo umwone mgeni!"

Akatoka mwanamke kijana, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kiunoni. Kusikia ni nani, uso wake ukafunguka. "Kumbe ndiye wewe! Karibu sana, wifi. Huyu ameniambia ana dada yake huko mjini anayekesha kuliko mlinzi."

Wifi. Ilikuwa heshima, na ilitamkwa kwa moyo mweupe. Shangazi aliipokea, akambeba mtoto mmoja, akasema, "Ahsante, wifi," na kitu ambacho hakuwahi kukipa jina kikanyamaza ndani yake.

Darubini ya Mwokaji ilikuwa chumba cha nyuma. Bomba limeviringishwa blanketi, na miguu mitatu imeanikwa nepi.

"Kwani bado unaendelea na ile picha?" aliuliza Mwokaji. Hakuwa na ubaya.

"Bado. Imebaki safu yako."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Paa lipo, dada. Tutoe hizi nepi tu."

Jioni ile Mwokaji alimsaidia kupandisha vyombo paani, akafunga mota, akapiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Akashuka. Shangazi akabaki na anga jeusi ambalo hakuwahi kuliona kwao. Mashamba yalikuwa kimya. Kutoka chini ya miguu yake zilimfikia sauti za sahani, mtoto akilia, mtu akimbembeleza, Mwokaji akicheka. Alifungua kamera, na bila kujua akanong'ona, "Shikilia. Usitikisike."

Alikaa kwao siku chache. Jioni ya mwisho Mama Pacha alipanda na kikombe cha chai na shali. Shangazi akamwonyesha kipande kwenye kioo cha kompyuta.

"Kama unga uliomwagika," alisema Mama Pacha. Akaketi. "Wifi, huogopi kukaa hivi peke yako?"

"Nimezoea."

"Sikuuliza kama umezoea."

Kamera ikalia, ikafunga, ikafungua tena. "Kuna siku naogopa," alisema Shangazi mwishowe. Mama Pacha alimwekea shali mabegani, akakaa naye mpaka watoto walipomwita.

Kuviunga vipande kulimla jioni nyingi. Mishono ilikuwa ikionekana, hapa pekundu, pale pana ukijani, anafuta, anaanza tena. Siku mkanda ulipotandaa mzima bila kovu, alikaa mbele yake mpaka chakula kikapoa. Akaandika pembeni majina mawili, lake na la Mwokaji, akamtumia.

Jibu lilikuja siku ile ile: "Hongera dada! Wote tumeipenda," pamoja na picha ya pacha wamejipaka unga mpaka masikioni. Shangazi aliikuza picha hiyo kwa vidole, akaitazama kwa muda mrefu. Baada ya hapo salamu zikawa za sikukuu tu.

Akaipeleka picha kwa fundi wa mabango, aichapishe kwa ukubwa wa ukuta.

"Hili ni tangazo la nini, Shangazi?"

"Si tangazo."

"Basi weka hata namba ya simu, nafasi iko tele hapa kwenye weusi."

Alicheka njia nzima. Nyumbani alisogeza kabati, akapanda kwenye kiti, akagongelea misumari. Alipomaliza alitaka kujua kama imekaa sawa, na hapakuwa na wa kumuuliza. Akashuka, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akatazama. Upande wa kushoto ulikuwa juu kidogo. Akapanda tena, akaushusha, akashuka, akatazama.